Nchi Zisizoweza Kuachana Zihojiane kwa Maandishi

Kila mazungumzo ya maji ya Mto Nile yanapovunjika, wachambuzi wa redioni, wahadhiri wa uhusiano wa kimataifa na maofisa wa wizara hukutana kwenye kauli moja: nchi hazishawishiani kwa hoja, zinapimana ubavu. Hoja, wanasema, ni pambo la hotuba. Mkataba huletwa na jeshi, na bwawa, na rafiki aliyeko Washington au Beijing, na mnyonge hana la kufanya ila kumpisha mwenye nguvu. Ushauri unaofuata nao unajulikana. Mambo magumu yasiandikwe waziwazi. Maneno yaachwe na utata ili kila ujumbe urudi kwao ukiyasoma upendavyo. Yaliyobaki yamalizwe chumbani, mlango umefungwa, baina ya wakubwa wawili watatu wanaoelewana.

Mtazamo huu umekomaa kiasi kwamba anayeupinga huonwa hajui dunia inavyokwenda. Hata hivyo ni potofu, na Nile yenyewe ndiyo shahidi wa kwanza dhidi yake. Ukifuatilia karibu karne nzima ya barua na mikataba ya mto huo, huoni mahali ambapo ubabe na utata vilizaa mapatano yaliyotulia. Pale palipopatikana utulivu, hata wa miongo michache, pande zilikuwa zimeandika dai, zikaandika sababu ya dai, na zikakubaliana ni kipimo gani kingeonyesha kwamba mmoja wao amekosea.

Kosa la wanaoamini ubavu linaanzia mahali walipoazima picha yao ya mazungumzo. Wameichukua sokoni. Mnunuzi wa kitenge Kariakoo anataja bei ya chini, anatikisa kichwa, anaondoka. Duka la jirani lipo, na nguvu yake yote imo katika miguu yake. Misri haiwezi kuondoka ikatafute mto wa jirani. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yake matamu ni ya Nile, na takribani asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan huanzia nyanda za juu za Ethiopia. Ethiopia nayo haiwezi kuuhamisha mto, wala kujichagulia majirani, wala kuuza umeme mahali ambapo nyaya zake hazifiki. Sudan imekaa katikati: bwawa lake la Roseires liko kilomita mia moja hivi chini ya bwawa kubwa la Ethiopia, na wanaoliendesha hawawezi kupanga kazi ya kesho bila kujua leo huko juu yamefunguliwa maji kiasi gani. Kwa nchi zilizofungwa pamoja namna hiyo, kushinda duru moja kwa vitisho ni kumpa aliyeshindwa sababu ya kungoja zamu yake.

Hoja rasmi inayotetewa hapa haihusiani na ufasaha wa jukwaani. Mwaka 1958 mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba hoja kamili ina viungo vyake: dai, ushahidi unaolibeba, kanuni inayouunganisha ushahidi na dai, kiwango cha uhakika, na mazingira ambamo dai linaanguka. Kiungo hicho cha mwisho ndicho wanadiplomasia hukikimbia. Mwaka 1995 Douglas Walton wa Kanada na Erik Krabbe wa Uholanzi walieleza jambo la pili lenye manufaa makubwa: mazungumzo yana aina zake. Kuchunguza ukweli, kushawishiana, kushauriana la kufanya, kubembelezana bei na kugombana tu, kila moja lina kanuni zake, na mambo huharibika pale upande mmoja unapodhani pande zote zinachunguza ukweli wakati mwenzake anabembeleza bei.

Mwaka huohuo Phan Minh Dung, mtaalamu wa kompyuta mzaliwa wa Vietnam aliyekuwa akifundisha Bangkok, alichapisha makala iliyozaa fani nzima. Wazo lake ni jepesi kulieleza. Ziorodheshe hoja zote, kisha uchore mishale ya ipi inaishambulia ipi. Hoja inasimama ikiwa kila inayoishambulia imejibiwa na hoja nyingine iliyo upande wake. Iliyoshambuliwa na kukosa mtetezi imeanguka, hata msemaji wake awe nani. Cheo cha msemaji hakina mahali pa kukaa katika mchoro huo.

Uchukue mchoro huo uuweke juu ya mgogoro wa Nile. Mei 7, 1929, Uingereza na Misri zilibadilishana barua zilizosema kwamba hakuna kazi ya umwagiliaji au ya umeme itakayofanywa kwenye mto, matawi yake au maziwa yake, katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza, ikiwa itapunguza maji ya Misri, isipokuwa kwa ridhaa ya Misri. Hoja ya kwanza basi ni ya Misri: matumizi yetu yanalindwa na mkataba. Hoja ya pili inaishambulia: aliyetia saini kwa niaba ya Tanganyika, Kenya na Uganda ni mkoloni, na wenye nchi hawakuulizwa. Ya tatu inaishambulia ya pili: mikataba inayoweka utaratibu juu ya ardhi na mito huifuata ardhi, haifi kwa kubadilika mtawala, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema jambo la namna hiyo mwaka 1997 katika kesi ya Hungary na Slovakia kuhusu mto Danube. Ya nne inaishambulia ya tatu: barua za 1929 hazikuweka utaratibu wowote juu ya ardhi, zilikuwa ahadi za serikali mbili.

Hapo msomaji ameona jambo ambalo miaka ya hotuba imelificha. Hata Misri ikishinda mishale yote hiyo, haijaigusa Ethiopia, kwa sababu Ethiopia haikuwa chini ya Uingereza. Dhidi ya Ethiopia Misri hutaja mkataba mwingine, wa 1902, kati ya Menelik II na Uingereza, nao unahitaji mchoro wake wenyewe. Na mkataba wa 1959 hausaidii kitu hapo: Misri na Sudan ziligawana mtiririko uliokadiriwa kuwa mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka, Misri bilioni 55.5, Sudan bilioni 18.5, bilioni 10 zikaachiwa jua na hewa. Uvukizi ulipewa fungu lake, Ethiopia haikupewa hata tone. Hoja ya mkataba inapopungua nguvu, inabaki hoja ya uhitaji: Misri inaogopa miaka ya ukame mrefu. Hii ni hoja nzito, ya kweli, na inajibika kwa tarakimu. Misri imeidhoofisha yenyewe kwa kuichanganya na ile ya haki za kihistoria, ambayo Ethiopia haitaikubali kamwe.

Wapo wanaosema kwamba nchi changa na maskini haiwezi kuingia mchezo huo mbele ya wakubwa. Tanganyika iliuingia ikiwa na umri wa miezi. Serikali ya Nyerere haikupiga kelele kwamba mikataba yote ya mkoloni ni takataka, wala haikuinama kuirithi. Ilitangaza kwamba mikataba iliyosainiwa na Uingereza kwa niaba ya Tanganyika itaendelea kuheshimiwa kwa miaka miwili tangu uhuru, na kwamba ndani ya muda huo kila mkataba ujadiliwe upya. Usiojadiliwa utakoma, ila ule ambao sheria ya kimataifa ya desturi inaulinda. Mwaka 1962 ikaziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba barua za 1929 haziifungi Tanganyika, na katika waraka huohuo ikakiri umuhimu wa maji ya Nile kwa nchi zote za bonde na kusema iko tayari kujadiliana juu ya mgawanyo wa haki.

Tazama jinsi tangazo hilo na waraka huo vilivyoundwa. Dai lipo. Sababu ipo, na ni sababu ambayo nchi yoyote mpya ingeweza kuitumia, ikiwemo ile inayopingwa. Tarehe ya mwisho ipo, kwa hiyo mzigo wa kujibu umehamia upande wa pili. Mlango wa mapatano umeachwa wazi. Misri ilijibu Novemba 1963 kwamba mkataba unaendelea kuwa halali mpaka yapatikane makubaliano mapya, na kwa hiyo tofauti ikajulikana ilipo, kwa maandishi, bila risasi wala bomba kukatwa. Mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria yalipofunguliwa rasmi kwenda Kahama na Shinyanga, Tanzania haikuhitaji kubuni sababu papo hapo. Ilikuwa nayo kwa zaidi ya miaka arobaini, na Misri na Sudan zilikuwa na nakala yake.

Mfano wa pili uko Jinja. Uingereza ilipotaka kujenga bwawa la Owen Falls, linaloitwa leo Nalubaale, Misri ilikuwa na hofu ileile: aliyeshika mlango wa ziwa ameshika koo letu. Katika barua za kuanzia 1949 pande hizo mbili hazikumaliza hofu kwa kuapiana. Zilikubaliana kwamba maji yatakayoachiwa bwawani yawe sawa na yale ambayo yangepita yenyewe kwenye maporomoko ya Ripon kabla ya ujenzi, na uhusiano kati ya kina cha ziwa na kiasi cha maji ya kuachiwa ukachorwa kwenye karatasi: mstari mmoja uliopinda. Unasoma kipimo cha maji Jinja, unatafuta namba hiyo kwenye mchoro, mchoro unakuambia ufungulie kiasi gani. Mhandisi wa Misri aliwekwa hapohapo Jinja kutazama. Bwawa lilizinduliwa 1954.

Mchoro huo ni hoja iliyokamilika. Una dai, una ushahidi unaosomeka na mtu yeyote mwenye macho, una kanuni, na unasema waziwazi ni lini mtu amekiuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua kubwa zilipoliinua ziwa kwa zaidi ya mita mbili, likapita mahali mstari ulipokuwa unaishia, hawakurudi kwenye vitisho, mstari ulirefushwa. Tena ulidumu katika kipindi ambacho uhuru wa Uganda, mapinduzi ya kijeshi na vita vilibadilisha kila kitu kilichouzunguka.

Kisha ukakiukwa. Kati ya 2003 na 2006, Uganda ikiwa na njaa ya umeme na kituo cha pili cha Kiira kikiwa kimeongezwa, maji yaliyoachiwa yalizidi yale ya mchoro. Ziwa lilishuka hadi kiwango cha chini kabisa kwa takribani miaka 80, mabomba ya kuvutia maji yakabaki yananing'inia na vyombo vikapata taabu kutia gati. Wenye mtazamo wa ubavu watasema hiyo ndiyo thamani ya karatasi. Lakini angalia kilichofuata. Kwa kuwa mchoro ulikuwepo, wataalamu waliweza kutenganisha sehemu ya kushuka iliyoletwa na ukame na ile iliyoletwa na kufungulia kupita kiasi, wakabishana kwa namba, na serikali za Kenya na Tanzania zikawa na kitu cha kushika mkononi zilipolalamika. Bila mchoro, Uganda ingesema ni ukame tu, na nani angeikanusha?

Linganisha na hali ilivyo kwenye Nile ya Buluu. Bwawa kubwa la Ethiopia, la Renaissance, lilianza kujengwa Aprili 2011. Lilipoanza kujazwa Julai 2020, Sudan ililalamika kwamba mto umepungua ghafla kwa takribani mita za ujazo milioni 90 kwa siku. Lilizinduliwa rasmi Septemba 9, 2025, na wiki chache baadaye mafuriko yalipoingia vijiji vya Sudan, Misri iliilaumu Ethiopia kwa kufungulia maji ovyo, Ethiopia ikakana. Mwananchi wa Khartoum aliyeingiwa na maji hana mchoro wa kutazama ili ajue nani anasema kweli. Ana taarifa mbili za serikali mbili.

Hali hii haikuletwa na wingi wa hoja. Imeletwa na uhaba wake. Mwaka 2012 na 2013 lilikuwepo jopo la wataalamu kumi, wawili kutoka kila nchi kati ya hizo tatu na wanne wa kimataifa; lilitoa ripoti iliyotaka uchunguzi zaidi juu ya athari za bwawa kwa nchi za chini. Machi 23, 2015, marais wa Misri na Sudan pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia walisaini Khartoum tamko la kanuni kumi. Lilikuwa na maneno mazuri kuhusu matumizi ya haki na kutodhuru, wala halikuwa na kipimo hata kimoja. Mwaka 2016 kampuni mbili za Ufaransa zilipewa kazi ya uchunguzi. Kazi ilikwama 2017 kabla haijaanza hasa, kwenye swali moja tu: madhara yapimwe kuanzia wapi? Misri ilitaka msingi uwe matumizi ya sasa, kwa maana nyingine mgao wa 1959. Ethiopia ilikataa, kwani kuukubali msingi huo ni kuukubali mkataba ambao haikuwa sehemu yake.

Swali hilo lingeweza kuhojiwa. Msingi unaweza kuwa zaidi ya mmoja. Mahesabu yanaweza kufanywa kwa kila msingi, matokeo yakawekwa bega kwa bega, kila upande ukaeleza kwa nini wake ndio wa haki na ungeuacha kwa sharti gani. Badala yake kila ujumbe ulitaka msingi wake uingie mlangoni kama jambo lisilohojiwa. Walikuwa katika hali ambayo Walton na Krabbe walionya juu yake: mmoja akidai anachunguza ukweli, huku wote wakibembeleza bei. Mwaka 2018 waliunda kundi la wanasayansi 15, watano kutoka kila nchi, na hao walikaribiana katika mambo kadhaa ya ujazaji. Kisha wanasiasa wakalichukua suala hilo tena.

Ndipo ubavu ulipojaribiwa kwa ukamilifu wake. Mwishoni mwa 2019 mazungumzo yalihamia Washington, wizara ya fedha ya Marekani ikiwa mwenyeji na Benki ya Dunia mtazamaji. Februari 2020 Ethiopia haikwenda kusaini. Misri iliweka saini yake ya awali peke yake. Baadaye mwaka huo Marekani ilisimamisha sehemu ya misaada yake kwa Ethiopia. Taifa lenye nguvu kuliko yote duniani lilisukuma kwa mikono miwili. Matokeo? Bwawa lilijazwa mwaka baada ya mwaka, na hakuna mkataba.

Basi, atasema mpinzani, Ethiopia ndiyo iliyoshinda kwa ubavu. Imejenga, imejaza, inauza umeme. Kweli bwawa limesimama, na ni haki ya Waethiopia kujivunia kazi waliyoichangia kwa mishahara na hati za dhamana. Lakini kitu kilichokuwa kinatafutwa kilikuwa mapatano, na hayo hayapo. Ukame wa miaka mitatu au minne mfululizo ukija, hakuna aliyeandika bwawa litaachia kiasi gani. Ethiopia itaingia mwaka wa kwanza wa ukame huo ikiwa imezungukwa na jirani mwenye hofu na mwingine mwenye vita, ikilazimika kuamua peke yake, na kulaumiwa peke yake kwa kila inachoamua. Hakuna mwenye akili anayeuita huo ushindi.

Utata wa makusudi nao una rekodi yake. Nchi za bonde zilianzisha ushirikiano wao Dar es Salaam Februari 1999 na zikaandika mkataba wa pamoja kwa zaidi ya muongo. Zilipofika kwenye mikataba ya zamani, waandishi wake walitafuta neno laini: usalama wa maji. Neno hilo liliwekwa ili kila mmoja alisome apendavyo. Halikusomeka. Katika kifungu cha 14(b), nchi za juu ziliandika kwamba hakuna nchi itakayoathiri kwa kiwango kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine. Misri, ikiungwa mkono na Sudan, ilitaka yaongezwe maneno ya matumizi ya sasa na haki zilizopo. Mgogoro mzima wa 1929 na 1959 ukaingia tena kupitia dirisha lililofunguliwa na wenyewe. Suluhisho lao lilikuwa kukitoa kifungu hicho, kukiweka kwenye kiambatisho, na kuagiza kimalizwe ndani ya miezi sita baada ya Tume ya Bonde la Nile kuundwa. Mkataba ulifunguliwa kwa saini Entebbe Mei 14, 2010. Ulianza kutumika Oktoba 13, 2024, Sudan Kusini ilipokuwa nchi ya sita kuuridhia. Kifungu cha 14(b) bado kiko kwenye kiambatisho.

Burundi iliulipia mwanya wa namna hiyo kwa damu. Mazungumzo ya amani yake huko Arusha, yaliyosimamiwa na Nyerere na baada ya kifo chake na Mandela, yalibezwa kwa kuchukua miaka miwili na zaidi, na hasa kwa kamati ya kwanza iliyokaa kubishana juu ya chanzo cha mgogoro wenyewe. Kwa nini wasigawane viti wakaenda? Lakini mkataba uliosainiwa Agosti 28, 2000, ulidumu mahali ulipojengwa juu ya hoja zilizomalizwa: nusu kwa nusu jeshini baina ya makabila makubwa mawili, kisha asilimia 60 na 40 bungeni na serikalini katika katiba ya 2005 iliyoufuata, kila tarakimu ikiwa jibu la hofu iliyotajwa kwa jina. Ulipasuka palipoachwa nafasi ya kusoma mara mbili. Arusha ilisema mtu asiongoze zaidi ya vipindi viwili. Katiba hiyo ya 2005 ikasema rais anachaguliwa na wananchi kwa kipindi kinachorudiwa mara moja, kisha kifungu cha mpito kikamruhusu rais wa kwanza achaguliwe na bunge. Je, kipindi hicho cha kwanza kinahesabiwa? Swali hilo la mstari mmoja halikuulizwa likajibiwa mezani. Lilijibiwa mitaani Bujumbura mwaka 2015, rais huyo alipogombea tena, na zaidi ya watu 400,000 waliishia kuwa wakimbizi, wengi wao Kigoma.

Pingamizi lililo zito kuliko yote linatoka Bara Hindi, na linastahili jibu. Mkataba wa maji wa mto Indus, uliosainiwa na India na Pakistan mwaka 1960 kwa usuluhishi wa Benki ya Dunia, ndio mfano bora wa hoja rasmi iliyogeuzwa sheria. Kifungu chake cha 9 kinapanga ngazi: swali linapelekwa kwa tume ya pamoja, likishindikana linakuwa tofauti, linapelekwa kwa mtaalamu asiye na upande, likizidi hapo linakuwa mgogoro, linakwenda kwa jopo la usuluhishi. Aprili 2025, baada ya shambulio la kigaidi huko Pahalgam, upande wa India wa Kashmir, India ilitangaza kuusimamisha. Je, hilo si dhihirisho kwamba hoja hupeperushwa siasa zinapochafuka?

Mkataba huo ulipita katika vita vya 1965, 1971 na 1999 bila kusimamishwa. Na kabla ya kuuhukumu, mtu asome habari ya bwawa la Baglihar kwenye mto Chenab. Pakistan ilililalamikia: milango yake ya maji, hodhi yake, kimo chake. Benki ya Dunia ilimteua mhandisi wa Uswisi, Raymond Lafitte. Alisikiliza pande zote mbili, akatoa uamuzi Februari 2007. Alikubali milango ya India. Alikubali hoja ya Pakistan kwamba ukuta umezidi, akaushusha kwa mita moja na nusu. Alipunguza ujazo wa hodhi kutoka mita za ujazo milioni 37.5 hadi milioni 32.56, na akauinua mdomo wa kuvutia maji kwa mita tatu. Nchi mbili zenye silaha za nyuklia zilikubaliana juu ya mita moja na nusu ya zege kwa sababu mmoja alionyesha kwa mahesabu kwamba haikuhitajika. Hakuna jeshi lililopata kuushusha ukuta wa jirani yake kwa kipimo hicho na ukabaki unafanya kazi. Kilichovunjika mwaka 2025 ni utashi wa kisiasa uliotoka nje ya mto kabisa, na hata hivyo India na Pakistan zikirudi mezani hazitakuta meza tupu.

Wapo pia wanaoona kwamba kuingiza hoja kwenye mfumo ni kujifanya nguvu haipo. Hapana. Mwaka 1998 Sarit Kraus, Katia Sycara na Amir Evenchik walichapisha mfano wa kimantiki wa jinsi programu za kompyuta zenye malengo yanayogongana, na zinazotegemeana, zinavyoweza kufikia makubaliano kwa kuhojiana. Katika orodha yao ya hoja, tishio lipo. Lipo pamoja na ahadi ya malipo ya baadaye, kukumbushana ahadi ya zamani, kutaja lililowahi kufanyika, na kumwonyesha mwenzako faida yake mwenyewe. Tofauti ni kwamba tishio limewekwa kwenye orodha kwa jina lake, likapimwa kama linaaminika na likajibiwa kama hoja nyingine yoyote. Anayetaka kuitumia nguvu yake aiandike. Chumbani, tishio huvaa nguo za busara. Kwenye maandishi linaonekana lilivyo, na bunge na magazeti ya nchi yake yanaweza kumuuliza.

Kuhusu madai kwamba hii ni desturi ya kigeni, ya wasomi, hayahitaji nafasi kubwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999 inaweka baraza la ardhi la kijiji la watu saba, watatu kati yao angalau wanawake. Uchagani ugomvi wa mpaka ukifika mbele ya wazee, swali la kwanza ni masale, mimea ya kuonyesha mpaka, yalipandwa wapi na nani aliyaona yakipandwa. Dai, ushahidi, shahidi, pingamizi. Anayeanza kwa kutaja ukubwa wa ukoo wake hunyamazishwa. Wananchi wanadaiwa nidhamu hiyo kwa robo eka ya migomba; mawaziri wanaoshika maji ya watu mamilioni mengi wamesamehewa kwa nini?

Tume ya Bonde la Nile itakapoanza kazi, saa ya miezi sita ya kifungu cha 14(b) itaanza kuhesabu. Nchi wanachama zisikimalize kwa kura ya wengi, maana Misri itaikataa kura hiyo siku hiyohiyo, wala kwa neno jingine laini. Maandishi yote mawili ya kifungu hicho yawekwe kwenye daftari moja la wazi. Chini ya kila moja kila nchi iandike sababu yake, ushahidi wake, kipimo inachokubali, na hali ambayo ingeifanya ibadili msimamo. Kila pingamizi liandikwe mbele ya hoja linayoishambulia, na lililokosa jibu lionekane limekosa jibu. Misri na Sudan, ingawa hazimo kwenye mkataba, zialikwe kujibu kwa maandishi, na swali la maji ya miaka ya ukame litenganishwe na la 1929 na kupewa mchoro wake, kama wa Jinja. Daftari hilo lichapishwe kwa Kiarabu, Kiamhara, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, ili mvuvi wa Ukerewe na mkulima wa Gezira wasome serikali zao zimesema nini kwa jina lao. Serikali iliyoandika waraka wa 1962 inajua jinsi ya kuanza kazi hii kuliko nyingine yoyote katika bonde. Waziri wa maji wa Tanzania alipeleke pendekezo hilo kwenye kikao cha kwanza.